Nina gari, lakini kila Jumapili naendesha Phoenix ya marehemu mzee. Na siyo mazoezi. Hiki ni nini?

#1 Kata Upepo

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Mwanza. Nina gari, siyo la kutisha, lakini asubuhi linawaka na kiyoyozi kinapuliza. Pamoja na hayo, kila Jumapili saa kumi na moja alfajiri natoa nje Phoenix ya marehemu mzee, ile nyeusi yenye kiti cha springi, naikanyaga kutoka Igoma hadi Kisesa. Siku nyingine napitiliza na barabara ya Magu mpaka jua linichome, ndipo nageuza.

Mke wangu akiniuliza, nasema mazoezi. Majirani wakiniuliza, mazoezi. Ukweli siyo mazoezi. Ningetaka mazoezi ningejiunga na wale wanaokimbia kwa nyimbo kila Jumamosi mtaani kwetu. Kitambi chenyewe hakijapungua hata tundu moja la mkanda.

Nikiwa juu ya ile baiskeli kuna kitu kinanitokea ambacho ndani ya gari hakijawahi kunitokea, na sina jina lake. Naomba wewe unayeendesha bila kulazimishwa na shida uniambie unaendesha kwa ajili ya nini. Wa "afya" mpite tu, nimeshawasikia. Nawasilisha.

#2 Pancha ya Pili

Mkuu, hicho kitu kinaitwa kumkimbia mke Jumapili asubuhi. Uzi ufungwe.

#3 Ngosha wa Ngudu

Namba 2 umenichekesha, lakini mwache mwenzio.

Kata Upepo, hicho kitu chako ni pamba. Nisikilize. Kwetu Kwimba mkulima akishalipwa pesa ya pamba, kabla hata ya kufikiria bati, alikuwa anawaza vitu vitatu: baiskeli, redio na cherehani ya mama. Baiskeli ya kwanza ya baba ilifika juu ya paa la basi, mabomba yote yamezungushiwa karatasi za kaki, na zile karatasi hazikuvuliwa mwaka mzima. Zilichakaa zenyewe. Jioni aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, spoku moja moja, halafu ililala chumbani kwake. Sisi watoto tulilala upande wa mbuzi.

Sasa usiku mtu anagonga mlango, mkewe ameshikwa na uchungu. Baba anafunga mto kwenye keria kwa mpira wa tyubu, mama wa watu anakalishwa upande, mumewe anatembea nyuma ameshika taa, wanakwenda zahanati. Siyo chini ya watoto wanne pale kijijini wamezaliwa kwa msaada wa ile keria, na mmoja ana jina la baba. Mtu huyo leo ana lori.

Kwa hiyo wewe unadhani Jumapili unakwenda Kisesa peke yako. Nyuma umempakia mzee.

#4 Mtumba Asilia

Samahani kwa kuharibu utamu, lakini hapa mnatukuza umaskini.

Baba yangu alipakia magunia ya mahindi kwenye baiskeli kwenda mnadani na kurudi na madumu ya mafuta, miaka kumi na tano. Goti la kulia likaisha. Siku alipopata pikipiki hakugusa tena baiskeli. Mwamshe muuza mkaa anayetoka Kisarawe saa tisa usiku na magunia matatu ili aingie Dar kabla ya foleni, muulize baiskeli ina maana gani kwake. Atakuuliza kama unanunua mkaa au hununui.

Hisia za baiskeli ni za mtu mwenye gari. Angalia mwanzisha uzi mwenyewe alivyofungua sentensi yake.

#5 Kata Upepo

Mtumba, umenipiga pabaya na sina jibu. Ila gari nimelipata nina miaka 41. Baiskeli niliijua nikiwa na saba, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba la juu kwa sababu kiti sikifikii. Hisia ilikuwepo tangu hapo, wakati huo hata viatu sina.

#6 Kinga ya Lubumbashi

Jambo wakubwa. Miye niko Lubumbashi. Huku baiskeli tunaita kinga. Namba 4 anasema kweli: vijana wanatoka pori mbali, wanaleta makala mu muji juu ya kinga, mifuko inapita kichwa ya mutu. Hawapande, wanasukuma. Kwenda yote ni kusukuma. Ile ni kazi, haiko hisia.

#7 Pancha ya Pili

Makala ya gazeti gani hayo mkuu, mifuko mizima?

#8 Kinga ya Lubumbashi

Makala ya kupikia, ndugu yangu! Nyinyi munaita mkaa. Wacha kucheka, isome.

#9 Binti Kiponda

Assalaam alaykum. Wanaume mmeongea, sasa nami.

Mie nimekulia mjini Unguja. Bibi yangu alikuwa na sheria moja tu kuhusu baiskeli: mtoto wa kike haipandi. Sababu hakuitaja, alikuwa akisema "utaharibika" halafu anabadilisha maneno. Kaka zangu wawili walikuwa na moja ya kushirikiana, imelegea breki zote. Nilijifunza usiku baada ya isha, bibi akishalala, kaka yangu mdogo ananishikia kiti kwa nyuma na mimi buibui nimelikunja kiunoni. Usiku wa tatu lilifunguka likaingia kwenye mnyororo. Tulirudi nyumbani mie nimetembea na nusu buibui, nyengine imebaki kwenye gia. Bibi alijua. Alilishona yule yule, wala hakusema neno.

Leo nina miaka 46, nakwenda nayo kazini na kurudi. Mnataka kujua maana yake kwangu? Ukipanda daladala lazima umwambie mtu unashukia wapi. Ukipewa lifti, lazima umwambie unakwenda kwa nani. Baiskeli haijapata kuniuliza.

#10 Ngosha wa Ngudu

Binti Kiponda, bibi aliyelishona lile buibui kimya kimya ndiye mwenye uzi huu. Tumekupa heshima zako.

#11 Mwanafunzi wa Wuhan

Nimesoma Uchina miaka mitano, nimwongezee Ngosha. Vile vitu vitatu vya Kwimba si vya Kwimba peke yake. Wachina wa miaka ya 1970 walikuwa na msemo kuhusu kijana anayetaka kuoa: awe na vitatu vinavyozunguka na kimoja kinachotoa sauti. Vinavyozunguka ni baiskeli, cherehani na saa ya mkononi. Kinachotoa sauti ni redio. Na hizo Phoenix mnazoziita za wazee wetu zinatoka Shanghai, kwa hiyo mzee wa Kata Upepo na mzee fulani wa kule walikuwa wanaota chuma kile kile.

Kwa hiyo naona ni hadhi. Ilikuwa Prado ya wakati wake. Hicho unachosikia Jumapili ni ukubwa wa baba yako.

#12 Mtumba Asilia

Prado. Sawa. Ila Prado hailali chumbani na wazee.

#13 Mshale wa Utrecht

Salamu kutoka Uholanzi. Wakuu, mimi naona mnaisumbua bure. Hapa Utrecht chini ya stesheni ya treni kuna maegesho ya baiskeli 12,500, makubwa kuliko yote duniani, yamekamilika 2019. Waziri anakuja nayo, mfagiaji anakuja nayo, bibi wa miaka 80 amebeba mbwa kwenye kikapu. Ukimuuliza Mholanzi inamaanisha nini kwake atakutazama kama umemuuliza maana ya soksi. Wenzetu wamezaliwa hivyo, iko kwenye damu. Sisi ndio tunaitungia falsafa kwa sababu bado ni kitu.

#14 Mwalimu wa Zamu

Mshale, hapo kwenye damu nakurekebisha. Baada ya vita Waholanzi nao walikimbilia magari kama kila mtu, wakabomoa mitaa kupitisha barabara. Mwaka 1971 peke yake watoto zaidi ya 400 walikufa kwa ajali za barabarani. Wazazi wakaingia mitaani kuandamana, wakilala chini na baiskeli zao, kampeni yao ikiitwa kwa jina lisilo na adabu ya kidiplomasia: acheni kuua watoto. Halafu Novemba 1973 mafuta yakaadimika kwa mgogoro wa Waarabu na Israeli, serikali ikatangaza Jumapili bila magari. Watu wakatoka na baiskeli kwenye barabara kuu tupu.

Kwa hiyo soksi unazoziona ziligombaniwa. Kata Upepo, naona hata wao walianza na Jumapili.

#15 Mshale wa Utrecht

Nimepokea, Mwalimu. Miaka tisa niko hapa sijaambiwa hilo. Ila bado wanakutazama vile vile ukiwauliza.

#16 Goroli

Ni sayansi tu, wakuu. Gurudumu likizunguka kasi linakataa kulala, kama pia, ile anayozungusha mtoto chini akicheza. Mwili wako unasikia ile nguvu unaiita hisia. Ndiyo maana ukisimama unaanguka.

#17 Mwalimu wa Zamu

Goroli, hilo la pia linafundishwa sana lakini halitoshi. Mwaka 2011 watafiti wa Delft na Cornell walitengeneza kibaiskeli kisicho na mtu, wakakiwekea magurudumu yanayozunguka kinyume ili kufuta kabisa nguvu hiyo ya pia, wakaondoa na ule mkao wa gurudumu la mbele kugusa ardhi nyuma ya mstari wa usukani, ambao watu walidhani ndio siri ya pili. Kilisukumwa, kikaenda chenyewe bila kuanguka. Wanachojua ni kwamba baiskeli inapoanza kulalia upande, usukani unageukia upande ule ule na magurudumu yanarudi chini ya uzito. Kinachousababisha ugeuke hivyo ni mchanganyiko wa mambo, na hakuna moja unaloweza kulinyooshea kidole.

Na jingine la kuwaumiza kichwa: ili ukate kulia, kwanza unausukuma usukani kushoto kidogo. Kila anayeendesha anafanya hivyo na karibu hakuna anayejua kwamba anafanya.

#18 Fundi Spoku

Miaka 22 nikitengeneza baiskeli hapa Shinyanga, kumbe nakata kulia kwa kwenda kushoto. Nimetoka nje sasa hivi kujaribu. Mwalimu hajadanganya. Jirani ananiuliza kama niko sawa.

Goroli, mimi nikisimama sianguki. Kuna kitu kinaitwa stendi.

#19 Jakisumu

Nimesoma wote, sasa mnisikize. Mimi nimebeba watu kwa baiskeli Kisumu kutoka 1998 hadi 2009. Black Mamba, kiti cha nyuma nimekishonea sponji na kitambaa chekundu chenye shada, kioo pande zote, na kibao cha madigadi kimeandikwa "Polepole". Siku mbaya abiria kumi, siku ya soko ishirini na zaidi. Nimesomesha ndugu wawili na hiyo keria. Halafu pikipiki za Kichina zikamiminika, na kwa miaka miwili mitatu tukaisha. Abiria wangu wa kila siku, mwalimu mmoja, alikuwa akinipita juu ya pikipiki anaangalia upande mwingine kwa aibu.

Mtumba Asilia, unasema wa kazi hana hisia. Umeuliza saa mbaya. Usimuulize mtu wa mkaa akienda. Muulize akirudi. Jioni, nimeshusha abiria wa mwisho, keria tupu, mlima umeisha, pesa iko kwa soksi. Hiyo dakika kumi ya kuteremka nyumbani sikuwa maskini wala tajiri, nilikuwa nateremka tu. Sijaipata tena na saa hii niko na duka.

#20 Mtumba Asilia

Jakisumu... hiyo ya kurudi sikuifikiria.

#21 Mvuka Mpaka

Jakisumu heshima. Ila mjue hiyo kazi ya boda boda wameianza watu wa Busia, miaka ya 1960. Kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda kulikuwa na kipande ambacho gari lako halivuki bila makaratasi, basi vijana wanakubeba kwa baiskeli mpaka kwa mpaka: boda, boda!

#22 Omwana wa Tororo

Busia? Malaba, ndugu. Ilianzia Malaba.

#23 Mvuka Mpaka

Busia.

#24 Omwana wa Tororo

Malaba. Babu yangu alikuwa akipiga kelele hiyo "boda" kabla hamjapata hata taa za barabarani.

#25 Pancha ya Pili

Hawa wawili wapandishwe baiskeli moja, mmoja mbele mmoja nyuma, wakafike wanapofika.

#26 Mtoto wa Buyenzi

Amani kwenu kutoka Bujumbura. Hakuna aliyetaja kifo, ngoja nikitaje mimi.

Barabara ya kutoka Bugarama kuja Bujumbura inashuka zaidi ya mita elfu moja, kona juu ya kona. Vijana wanaishuka na mikungu ya ndizi kwenye keria, wengine na mkaa, mwendo wa gari, na breki ni soli ya kandambili wanayokandamiza kwenye tairi. Kupanda wanaing'ang'ania nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye chuma cha lori, mpaka juu. Nilifanya hivyo miaka minne. Nimezika wenzangu.

Ninyi mnasema baba, hadhi, uhuru. Mimi nikiota usiku, naota ule mteremko, na kwenye ndoto siogopi. Nikiamka ndipo naogopa. Mwanangu nimemnunulia mpira.

#27 Kata Upepo

Pole sana, ndugu. Sina la kuongeza hapo.

#28 Kigogo wa Kilele

Jamani mbona hamzungumzii Kigali? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yamefanyika Afrika kwa mara ya kwanza, Pogačar wa Slovenia kashinda, vilima vya Kigali vimewanyoosha Wazungu! Na Girmay wa Eritrea 2024 kachukua hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani!

#29 Ngosha wa Ngudu

Kigogo, kichwa cha uzi kinasema siyo mazoezi. Ila hongera kwa Girmay, tulimpigia makofi pia. Na mimi nilipoona picha za Kigali niliwatafuta abanyonzi, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli Rwanda. Kuna waliokuwa pembeni ya barabara wanatazama baiskeli zenye bei ya nyumba zao zikipita.

#30 Kinga ya Lubumbashi

Miye narudi. Munasema uhuru, munasema furaha. Munajua tairi ilitoka wapi? Dunlop alileta tairi ya upepo 1888, Ulaya yote ikapenda baiskeli, ikahitaji mpira. Leopold II wa Ubelgiji alikuwa na Kongo kama shamba yake, kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipewa kiasi cha mpira ya kuleta, wasipofikisha, wanawake wanafungwa, watu wanauawa, mikono inakatwa. Mutu wa Paris alikuwa anapiga kengele mu bustani Jumapili, chini yake kuna mpira yetu.

Sisemi musipande. Miye mwenyewe napanda. Nasema tu nikiziba pancha nakumbuka.

#31 Mwalimu wa Zamu

Kinga, historia yako ni sahihi, naongeza tu kidogo. Dunlop hakuwa wa kwanza kuwaza tairi ya hewa. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alisajili wazo hilo miaka ya 1840, likafa kwa kukosa wateja, kwa sababu baiskeli yenyewe ya kuivalisha haikuwepo. Dunlop alifunga mpira kwenye kibaiskeli cha magurudumu matatu cha mwanawe kule Belfast kwa sababu mtoto alilalamika barabara inamtikisa. Hati ya uvumbuzi ya Dunlop ilikuja kufutwa ile ya Thomson ilipogunduliwa. Na baiskeli haikuwa peke yake kuhitaji mpira, kulikuwa na waya za umeme na mipira ya mashine, magari yakafuata.

#32 Pancha ya Pili

Nilikuja kutania, sasa nimekaa na jina langu nalitazama. Kinga, asante kwa hilo. Sijui nilipeleke wapi.

#33 Mtumba Asilia

Nimempigia simu mzee jana usiku kwa sababu yenu. Nikamuuliza, ile baiskeli ulimuuzia nani? Akasema hakuiuza. Nikamwambia mzee, miaka ishirini hujaipanda, goti limekufa, kwa nini hukuiuza? Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Iko juu ya dari la stoo, tairi nimezitoa zisioze." Nikamuuliza tena kwa nini. Akasema nimwekee vocha, akakata.

Bado nasema mnatukuza umaskini. Ila hilo la tairi limenishinda.

#34 Binti Kiponda

Mwekee vocha kwanza.

#35 Kata Upepo

Wakuu, mrejesho. Mke wangu ameuona huu uzi, dogo wa dukani alimwonyesha. Hajanuna. Ameniuliza kitu kimoja tu: kwa nini ile baiskeli inalia? Na hapo nikagundua kitu ambacho sikukiandika mwanzo.

Kila mguu wa kulia ukishuka inatoa "tak". Ilikuwa inalia hivyo tangu mzee yuko hai. Akitoka kazini jioni tuliisikia kabla hajafika kona ya mwembe, tak, tak, mama anaweka maji ya kuoga, sisi tunazima redio na kufungua madaftari. Sasa Jumapili barabara ikiwa kimya nasikia sauti ile, lakini safari hii inatoka chini yangu. Sijui kama hilo ni jibu. Goroli atasema ni chuma.

#36 Fundi Spoku

Ni chuma. Kotapini, ile pini inayoshika krenki, yaani mkono wa pedeli, imelika. Mkuu, hiyo siyo ya kuchezea. Ikiendelea kucheza inakula krenki yenyewe, na siku moja utakanyaga kwa nguvu, mguu wa kulia uondoke na pedeli yake. Kwenye mteremko na malori ya Magu nyuma yako.

#37 Kata Upepo

Kwenye mteremko nashuka nasukuma.

#38 Fundi Spoku

Usinidanganye.

#39 Kata Upepo

Ukibadilisha, italia tena?

#40 Fundi Spoku

Ikilia tena nitakuwa nimefanya kazi mbaya. Nitakufungia pini ya zamani kwenye karatasi uondoke nayo. Kotapini ni hela ya soda, ukija Shinyanga ufundi nakusamehe. Ila usije Jumapili, sipo.

#41 Pancha ya Pili

Fundi, Jumapili unakwenda wapi?

#42 Fundi Spoku

Mazoezi.